Kisu Changu Hakilali Kwako

Mimi sikumwamini yule mzee, na sioni haya kusema. Mtu anasugua visu tangu umande haujakauka mpaka jua linazama, halafu mke wake anakuja kwangu kuazima kisu cha kukatia vitunguu! Wewe ungemwamini?

Tulikuwa majirani mtaa wa Izia, ua wake na ua wangu zikigusana, miaka yote ile ya Mwingereza tangu vita vya Hitla vilipokwisha. Watu walimwita Msuguaji, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa na jina la ubatizo na jina la kwao, lakini ukimwita kwa hayo hageuki. Ukisema Msuguaji anageuka mwili mzima. Kwao wapi, nani alimzaa, kila mtu alikuwa na lake: wengine walisema ni mtu wa ufukweni Kasanga, wengine walisema alirudi na Wazungu kutoka vitani. Mimi sikumwuliza. Mwongo ukimwuliza unamsaidia kutunga.

Kazi aliifanyia kibarazani, miguu ameinyoosha, ngozi ya mbuzi mapajani, kisu juu ya ngozi. "Mimi sinoi," alimwambia kila aliyekuja, hata kama hajaulizwa. "Kunoa nenda kanoe kwenye jiwe la mtoni. Mimi nasugua." Maana yake ni kwamba makali hakuyagusa kabisa. Shughuli yake ilikuwa ubapa: kuondoa kutu na mikwaruzo, kukirudisha chuma kama kilivyokuwa kabla ya mvua na uvivu wa wenyewe. Alianza na ukwaju uliolowekwa, ule unaopandishwa na wachuuzi kutoka Muze, akakipaka kisu na kukiacha kilainike. Halafu jiwe laini na maji. Halafu majivu. Halafu majani makavu ya msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mwisho mafuta ya nyonyo na kipande cha ngozi. Mkono wake ulikwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye mpini mpaka kwenye ncha. Kurudi ulirudi hewani. Nikimtazama kupitia mwanya wa ua nilichoka mimi.

Wala usidhani alikurudishia kisu kinachometameta. Hata! Mpishi wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, alimletea visu vya mezani, akarudishiwa visu vyenye rangi ya mawingu ya asubuhi, safi kabisa lakini vimepoa.

"Bwana anataka aone meno yake humu," mpishi akalalamika.

"Meno akaonee kwenye kioo," Msuguaji akamjibu. "Kisu kikikuonyesha uso wako, ujue kuna jambo kinakuficha."

Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo tele. Mimi nilikuwa nikiyasikia nikiwa uani kwangu, najiuliza: mbona huyu ni mjuzi sana wa mambo ya kuficha?

Halafu kulikuwa na masharti yake. La kwanza, kisu hakipokei kutoka mkononi mwako. Unakiweka kwenye ungo, ungo unauweka chini, ndipo anakichukua. Kukurudishia ni hivyo hivyo. Hilo tulimsamehe, maana hata bibi zetu walikataza kupeana kisu mkono kwa mkono, wakisema ni kukaribisha ugomvi. La pili ndilo lililowatoa watu jasho. Kabla hajakigusa, anakuuliza: "Kimekata nini mara ya mwisho?" Na lazima useme. Ukisema sikumbuki, anausukuma ungo kwa mguu mpaka kwako.

Sasa fikiria. Mji wetu jina lake lenyewe linamwambia mgeni atupe uchawi wake kabla hajaingia. Katika mji kama huo unamwuliza mtu kisu chake kimekata nini? Walikuwapo waliosema anakusanya siri. Walikuwapo waliosema damu inamwambia. Na bado foleni haikukatika kibarazani, maana kutu nayo haijali uchawi.

Siku moja alikuja mchinjaji wa sokoni na kisu chake kirefu. Akaulizwa. "Mbuzi," akajibu. Msuguaji akainama juu ya ungo, akachungulia pale chuma kinapoingia kwenye mpini, akasema taratibu, "Mbuzi huyu alikuwa ndama." Hakusema zaidi. Mchinjaji alikwenda kwake, usingizi ukamkataa, na kulipokucha alikwenda mwenyewe kwa jumbe kukiri habari ya ndama mwekundu wa watu aliyekuwa amepotea. Mji mzima ukasema: mnaona, kisu kimemwambia! Mimi nilimbana mke wa Msuguaji kisimani, mama mcheshi asiyejua kuficha, akaniambia mume wake aliona manyoya mekundu yamenasa kwenye mpini. Nikashusha pumzi. Halafu nikajiuliza: mtu anayeona manyoya kwenye mpini wa mwenzake, kwangu ameona nini?

Kinyozi hajinyoi, najua. Lakini huyu alizidi. Nyumba nzima ilikuwa na kisu kimoja, kama kile ni kisu: kipande kifupi cha chuma cheusi, butu mbele kama kimekatwa, kimetiwa mpini wa mti. Kilikaa juu ya mlango, kwenye ufa wa ukuta. Mke wake alikitumia mara moja tu kukatia vitunguu. Mzee alikichukua, akakifuta, akakirudisha pale juu. Ndiyo sababu mama wa watu akawa mteja wangu wa kuazima. Mimi siku hiyo nilikuwapo, na mdomo wangu haujui kukaa kimya.

"Mbona hicho hukisugui, Mzee?"

"Hicho si changu."

"Cha nani?"

"Cha mtu."

Mh! Cha mtu. Nikaenda nyumbani na hilo neno, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Lakini shaka yangu haikuanzia hapo. Aliyenitia shaka ni baba yangu mzazi. Baba alikaa Malangali, si mbali na Izia, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, mtu mzito wa maneno na wa hatua. Akija kunitembelea Izia alizunguka nyuma, kwenye mashamba ya maharage, ili tu asipite mbele ya kibaraza cha Msuguaji. Wakikutana njiani bila kutarajia, Msuguaji aliinamisha macho, baba akakohoa, wakapishana. Hakuna habari za asubuhi wala za jioni. Kwetu sisi, watu ambao tukisalimiana tunapiga makofi mpaka viganja vinapata moto!

Nilimwuliza baba sababu. Alitoa mfuko wake wa tumbaku, akakata kipande kwa kile kichuma chake cheusi alichotembea nacho daima, kidogo kama kucha ya dole gumba, akatafuna kwanza. "Yule mtu usimpe kisu chetu," akasema. "Hata mimi nikifa, kisifike kwake. Umenisikia?"

Nikasikia. Baba yangu hakuwa mtu wa kuropoka. Nikajua jirani yangu ni mwizi, na kwamba baba ana ushahidi ila hana ugomvi.

Kisu chetu, sasa. Kilikuwa kisu cha ukoo, kirefu kiasi cha mkono toka kiwiko mpaka kifundo. Babu wa babu yetu alikifua kwa chuma cha hapa hapa Ufipa, kile kilichoyeyushwa kwenye matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, kabla Mzungu hajakanyaga huku. Mwenye kukishika ndiye aliyekata nyama ya kwanza kwenye karamu zetu, na aliyekata nyama ya kwanza ndiye aliyegawa mashamba. Hakikusafishwa kamwe. Kilipakwa mafuta, kikatundikwa juu ya moshi wa jikoni, kikawa cheusi kama chungu, na weusi huo ndio tuliouita uzee wake.

Baba alifariki mvua zilipokuwa zinaanza. Aliagiza azikwe na mfuko wake wa tumbaku, nami ndiye niliyeutia sandani, chini ya mkono wake wa kulia, na kile kichuma chake ndani yake. Matanga hayajaisha, baba mdogo, yaani mdogo wake baba, akaanza. Eti mdogo wangu Desideri bado anacheka ovyo, hafai kushika kisu. Eti kisu chenyewe kipo kweli? Wazee wakasema: ulezi ukivunwa tutapika pombe ya kumaliza msiba, kisu kiletwe mbele ya watu, kikaguliwe, apewe mwenyewe. Kisipoonekana, au kikionekana kina kasoro, ukuu unahamia nyumba ya baba mdogo. Na baba mdogo alikuwa amelimezea mate shamba la bondeni analolima mama yangu tangu aolewe. Hilo ndilo lililoniuma mimi. Mama yangu, mjane, aondoke na jembe lake begani akaombe shamba kwa watu?

Kisu kilikuwa kwangu, mama alinikabidhi baba alipokufa. Nikaogopa baba mdogo asije akakiiba, nikakitia kwenye chungu, nikakizika nyuma ya banda la mbuzi, nikajiona nina akili kuliko mji mzima. Mvua za Ufipa unazijua? Na mkojo wa mbuzi? Nilipokuja kukifukua, kutu ilikuwa imekivimbisha kama andazi. Nilikaa chini kwenye matope nikalia. Nikasugua kwa mchanga, nikakichubua tu. Kimea cha pombe kilikuwa kimekwisha kulowekwa, watu wamekwisha kualikwa.

Ningefanya nini? Nilikiweka kwenye ungo, nikapita kwenye mwanya wa ua, nikauweka ungo chini mbele yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

Alikitazama. Nikasubiri lile swali lake, nimekwisha kujiandaa kusema kimekata nyama ya matanga. Hakuliuliza! Watu wote wa mji huu aliwauliza, mimi hakuniuliza.

"Hiki kiacheni hivyo hivyo," akasema. "Kipakeni mafuta, kirudisheni kwenye moshi. Chuma cha zamani hakivuliwi nguo mbele ya watu."

"Mzee, kimevimba. Baba mdogo atakikataa."

"Kiacheni, mama."

Thubutu! Mtu anapokea mpaka visu vya mpishi wa Mzungu, changu anakikataa? Nikajua anataka niondoke nikalie shida, kisha nirudi nimwachie ataje bei atakayo. Nikamwambia, "Utakisugua, na nitalipa debe la ulezi. Lakini kisu changu hakilali kwako. Asubuhi nakuja nacho, nakaa hapa, nakutazama. Jioni naondoka nacho."

Mke wake, aliyekuwa anapepeta uani, aliangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliuvuta ungo kwake.

Basi tukawa hivyo. Kila asubuhi naingia na kisu changu na maharage yangu ya kuchambua, nakaa mkabala naye, jicho moja kwenye maharage, jicho moja kwenye kisu. Alinipa mahindi ya kuchoma, nikala. Mahindi hayana kosa. Aliniuliza habari za mama yangu, kama mguu wake umepona. Nikashangaa amejuaje mguu wa mama. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na chuma kwa sauti ya chini, "Haya, sogea, sogea kidogo," kama mtu anayemhamisha kuku aliyeatamia. Na alikuwa na subira ya kukera. Nilimwambia aongeze nguvu, akanijibu, "Mwenye haraka anatoa kutu na chuma chake pamoja."

Kutu ikatoka. Chuma kikaanza kujitokeza, cha rangi ile ile yake ya mawingu, na lazima niseme kilikuwa kizuri. Lakini niligundua kitu. Karibu na mpini, ubavu mmoja, dole gumba lake halikuondoka. Akisugua juu, dole lipo pale. Akisugua chini, dole lipo pale. Pale tu paliachwa na kutu yake.

"Inua hilo dole, Mzee."

"Dole linashika, mama. Nikiliinua kisu kitateleza."

"Visu vya wengine mbona havitelezi?"

Akachota majivu mengine. Jioni ile, nikikunja mkeka wangu, nilichomoa jani moja la msasa kwenye fungu lake, nikaliingiza kwenye kanga. Nyumbani nilikaa karibu na moto nikasugua pale pale alipopaficha. Nilisugua mpaka jani likapasuka. Na pale chini ya kutu zikatoka herufi. Herufi za Kizungu, zilizogongwa ndani ya chuma kwa mashine, kama zile za kwenye mapanga ya dukani. Nilisoma misheni mimi, herufi nazijua. Kisu cha babu wa babu yangu, kilichofuliwa kabla ya Mzungu, kina maandishi ya Mzungu!

Sikulala. Jogoo la kwanza niko kibarazani kwake, na sauti yangu iliamsha Izia nzima.

"Kisu chetu kiko wapi? Mwizi we! Baba aliniambia! Umetubadilishia!"

Msuguaji alitoka anafunga shuka. Alikiona kisu mkononi mwangu, akaona herufi, akakaa chini polepole kwenye ngozi yake.

"Kililala kwangu lini?" akauliza.

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Mama," mke wake akasema kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, "si wewe mwenyewe ulikataa kisilale? Kila jioni uliondoka nacho. Kila siku ulikaa hapo unamtazama."

Ala! Nilikuwa nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Mlinzi nilikuwa mimi, na mlinzi aliapa hajasinzia. Kama hakikubadilishwa kwake, basi kilikuja hivyo. Nikakaa chini. Nikaanza kuwahesabu watu kichwani: baba mdogo, aliyewahi kukaa nacho kidogo; babu, aliyekuwa mlevi; Mwarabu wa dukani, aliyepewa kukihifadhi mwaka wa njaa. Kila mtu nilimtilia shaka, isipokuwa baba. Baba hakunijia akilini hata dakika moja.

"Wakiona hizi herufi," nikasema, na sasa nilikuwa nalia, "mama yangu amekwisha."

Msuguaji aliuvuta ungo. Kisha akagonga ungo kwa kidole. "Kiache leo kilale kwangu," akasema.

Sijui kwa nini nilikubali. Labda kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuibiwa. Nilikiweka kwenye ungo nikaenda zangu, na siku ile nzima kupitia mwanya wa ua niliona mambo ambayo sikuwahi kuyaona: Msuguaji anafanya kazi yake kinyumenyume. Alichanganya masizi na chumvi na ukwaju, akapaka, akakausha kwa makaa, akapaka tena, akapuliza, akafuta kwa mafuta. Mtu aliyetumia maisha yake kuondoa uchafu, sasa anaurudisha kwa unyenyekevu kama anamvisha maiti. Kesho yake kisu kilikuwa safi ubapa wote, ila shinani, karibu na mpini, palikuwa na weusi mnene wa kale. Nilipitisha kucha, haikushika herufi yoyote.

Siku ya pombe watu walijaa Malangali, nami nikawaambia wazee kwamba nimekisafisha kwa heshima ya marehemu. Baba mdogo alikichukua kisu, akakipeleka juani, akakigeuza huku na huku, akakinusa, akaweka kidole pale pale. Mama yangu alikuwa amekaa kando ya mtungi, mikono ameikunja. Baba mdogo akainua kisu juu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Hiki ndicho! Mnauona weusi huu wa shinani? Hiki ni chuma cha malungu. Vyuma vya dukani havina weusi huu!" Alikuwa anajionyesha mjuzi, maskini, na kwa ujuzi wake akajipokonya ukuu. Watu wakapiga makofi, Desideri akakata nyama ya kwanza, mama akabaki na shamba lake mpaka alipozeeka akachoka kulima. Msuguaji alikuwapo, amekaa nyuma karibu na kuni, anatafuna nyama yake kama mtu asiyehusika na lolote.

Ungedhani baada ya hapo nilimwamini. Hata kidogo! Nilimshukuru, nikampelekea debe lake la ulezi limejaa mpaka juu, nikarudi nyumbani nikakaa nikafikiri. Mtu anayejua kuzeesha chuma kwa siku moja, tena vizuri namna ile, si mara yake ya kwanza. Amewafanyia akina nani? Visu vingapi vya ukoo katika nchi hii ni kazi ya mikono yake? Miaka ikapita, tukaazimana chumvi na moto, tukazikiana, na bado nikipita kibarazani kwake jicho langu lilipanda lenyewe mpaka juu ya mlango, kwenye ule ufa, kwenye kile kipande cheusi cha mtu.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, watu walikuwa wameanza kusema habari za uhuru hadharani bila kutazama nyuma. Mke wake tulikuwa tumekwisha kumzika. Yeye macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa, na visu havikuja tena. Nilimpelekea ugali na maharage, kama nilivyozoea. Alinawa, akala kidogo, akaniambia, "Leta ungo, mama."

"Ungo wa nini tena, Mzee? Na macho hayo?"

"Leta tu."

Aliinuka, akapapasa juu ya mlango, akakitoa kile kipande. Hakunipa. Alikiweka kwenye ungo, akausukuma kwa mguu mpaka kwangu.

"Hiki ni cha kwenu."

"Chetu anacho Desideri."

"Cha Desideri nilikitengeneza mimi. Kwa panga bovu, hapa hapa, wewe hujaolewa bado. Panga lote lilikuwa limeliwa, pazima palikuwa upande wa shinani tu, wenye herufi, nikautumia huo. Zilikuwa zimezama; ningezisugua pangebaki shimo. Ndiyo nikazifunika."

Niliruka juu. "Nilijua! Tangu zamani nilijua una chuma chetu! Ulituibia!"

"Kaa, mama."

Nikakaa. Akaniambia. Siku moja baba yangu alikuwa peke yake nyumbani, wote tumekwenda shamba, akataka kufungua debe la mafuta ya taa. Hakuona patasi. Kisu cha ukoo kilikuwa pale juu ya moshi, akasema nichokoe kidogo tu. Kutu ilikuwa imekila ndani kwa ndani. Kikakatika vipande viwili, na sehemu yote ya katikati ikamomonyoka ikawa unga wa kutu. Alivifunga kwenye nguo akaja navyo Izia.

"Baba yangu?" nikasema. "Na debe la mafuta ya taa?"

"Alikaa hapo ulipokaa wewe. Alilia kama mtoto aliyevunja chungu cha mama yake. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikamtengenezea kingine. Tangu siku ile aliona aibu kuniona, nami niliona vibaya kumtia aibu, tukaachana na salamu. Hiki aliniambia nikitupe ziwani. Sikuwa na moyo wa kukitupa."

"Mbona leo?"

"Sikioni tena. Siwezi kukilinda."

Nilikishika. Kilikuwa kizito kwa udogo wake. Na mimi ni mimi, hata machozi yakiwa yananitoka. Nikauliza, "Vilikuwa vipande viwili. Hiki ni cha shinani. Cha mbele umempa nani?"

Alinigeuzia yale macho meupe. "Cha mbele aliondoka nacho mwenyewe. Kilikuwa kidogo sana. Alisema atakuwa anakatia tumbaku, ili kila siku mkono wake ukumbuke ulichofanya."

Kile kichuma. Miaka yote nimekiona kikitoka na kuingia mfukoni mwake, alikitumia mbele yangu siku ile ile aliyonionya habari za Msuguaji, na mikono yangu hii ndiyo iliyokilaza naye kaburini chini ya mkono wa kulia. Nilimlilia baba yangu siku ile kuliko siku tuliyomzika. Nilipomaliza, Msuguaji akasema, karibu anatabasamu, "Lakini ulikuwa sawa, mama. Marehemu mke wangu alikuwa akisema, yule jirani anaona."

Nilikifunga kile kipande kwenye pindo la kanga nikatoka. Njiani nikakutana uso kwa uso na Desideri, mkuu wa ukoo wetu, anakuja kunisalimia, amevaa koti lake la mikutano. Akaona macho yangu mekundu, akaona mkono wangu umelishika pindo.

"Dada, umebeba nini?"

"Kisu cha kukatia vitunguu," nikamwambia. "Mzee amenipa."

"Nione."

"Kisu hakipewi mkono kwa mkono, Desideri. Hujui?"

Alinitazama kwa muda, akanipisha. Na tangu siku hiyo, kila akija kwangu, kabla hajakaa, kabla hata hajaitikia salamu, hutupa jicho juu ya mlango wa jiko langu, kwenye ufa nilimokichomeka.